Mashine ya Alizeti Kutoka Ng'ambo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi, uliyeko njiani. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Mke wangu mpenzi, mwenyekiti wa kamati zote mbili. Wafanyabiashara wadogo, na ninyi mlio wadogo zaidi kule nyuma mliokosa viti: kama kuna mkubwa niliyemsahau anisamehe, na kama ni mdogo, amezoea.

Ndugu zangu, nchi haiendelei kwa kulalamika. Inaendelea kwa uhawilishaji wa teknolojia vuka mipaka, yaani, kwa lugha nyepesi ya mwananchi wa kawaida, mchakato jumuishi na shirikishi wa kuoanisha inovesheni za wenzetu walioendelea na kapasiti finyu za wajasiriamali wetu, ndani ya fremuweki endelevu. (Makofi ya meza kuu. Fundi viatu wa safu ya nyuma anamuuliza jirani yake, "Kasema nini?" Jirani anajibu, "Kasema sisi wajinga.")

Ofisi yangu, ninayoiongoza kwa unyenyekevu ambao hata mimi mwenyewe hunishangaza, imevuka mpaka mara saba kuitafuta teknolojia hii. Tumelala kwenye hoteli zenye baridi. Tumekula kwa uma vitu tusivyovijua. Tumeteseka kwa ajili yenu! Na leo asilimia tisini na nne ya malengo imefikiwa, na asilimia kumi na moja iliyobaki iko katika hatua nzuri. (Mwalimu wa hesabu anakohoa.)

Afisa Ugavi, funua! (Kitambaa kinaondolewa. Ni mashine ya mkono ya kukamua mafuta ya alizeti, imepakwa rangi ya buluu ambayo bado inanata. Katikati ya ukumbi anasimama mchomeleaji mmoja, mwanamke ambaye wenzake wa karakana humwita Mama Cheche.)

"Mheshimiwa, samahani. Hiyo mashine ni yangu, nimeiunda kwa mikono yangu. Watu wako waliichukua karakanani miezi mitatu iliyopita, wakasema inakwenda kukaguliwa."

Kaa, mama yangu. Kufananisha si dhambi. Hata mimi nikiwa uwanja wa ndege hufananishwa na mabalozi. Mashine hii imebuniwa ng'ambo, na mabingwa waliosoma mpaka nywele zikawakimbia. Mtaalamu wetu atawaonyesha. (Mtaalamu anavua koti, anamimina alizeti, anazungusha mpini. Hausogei. Ananing'inia kwenye mpini. Hausogei. Anaupiga teke.) Teknolojia ya juu, ndugu zangu, haikurupuki. Kwanza inazoea mazingira.

"Utaivunja, baba wee!" anapiga kelele Mama Cheche. "Mimi ni mashoto. Skurubu ya ndani niliichonga kwa mkono wangu huu, kwa hiyo inazunguka kinyume. Wateja wangu wote wamehamia kwingine, karakana nakaribia kuifunga, halafu mnaipiga mateke? Nipisheni!" (Anapanda jukwaani, anashika mpini kwa kushoto, anazungusha kinyume. Mafuta yanachuruzika hadi kwenye viatu vya Mheshimiwa. Vigelegele ukumbi mzima.)

Mnaona! Mnaona faida ya kuhudhuria semina! Afisa Takwimu, andika haraka: mnufaika wa kwanza amejengewa uwezo hadharani kwa dakika mbili, na kwa kuwa mkakati wetu wa miaka mitano ulilenga mnufaika mmoja, tumemaliza kabla ya muda. (Sauti kutoka pande zote: "Mrudishie mashine yake!") Nawasikia mkishangilia. Asanteni.

Teknolojia, juu! (Kimya.) Mipaka, chini! (Kimya.) Ujasiriamali, mbele! (Meza kuu peke yake: "Mbele!")

Namalizia kwa shukrani. (Anafunua ukurasa wa mwisho, ulioandikwa na katibu muhtasi wake, na kama kawaida yake anausoma bila kuupitia kwanza.) Namshukuru kwa namna ya pekee Afisa Ugavi, ambaye tuliporudi safari ya saba mikono mitupu, kwa kuwa huko hatukuwahi kutoka hotelini, na mradi wenyewe haukuwahi kuwa na chochote zaidi ya jina na mihuri, hakukata tamaa, bali alizunguka mitaa ya hapahapa mpaka akapata kitu cha kufunika kwa kitambaa. Namshukuru pia aliyepaka rangi. (Afisa Ugavi anatazama viatu vyake.)

Na mwisho namshukuru mama huyu. Mama, usilie mbele ya wageni. Mashine itabaki ofisini kwangu kama kielelezo cha mafanikio, lakini hata wewe hatujakusahau. Fomu za kuomba msaada ziko pale mlangoni, na sharti ni moja tu: uwe na mashine yako mwenyewe, inayofanya kazi.