Kruza Iliyompandisha Regina Newala

Jumatatu, 23 Juni 2025

Mpango umeanza rasmi. Harusi ya Regina ni Jumamosi, Newala. Regina ni binti wa dada yangu Scholastika, na mjomba wake ni mimi peke yangu. Msafara utatoka hapa Masasi asubuhi na kupanda mlima hadi kanisani. Lazima pikipiki moja itangulie. Pikipiki hiyo ni yangu. Kamati bado haijajua.

Masasi nzima hakuna nyingine kama hii. Ni kruza. Kiti kiko chini, usukani mpana, miguu unaitanguliza mbele kama mtu aliyekaa kwenye kochi la sebuleni. Mpinzani ninaye mmoja tu, jirani yangu Nurdin. Pikipiki yake ni ya kawaida, ya kubebea magunia ya korosho. Kila Ijumaa anaiosha na kuipaka cheni mafuta. Ujuzi wake unaishia hapo.

Nimeorodhesha upungufu wa kruza. Haina kioo cha mbele. Haina mikoba ya ngozi. Haina egemeo la abiria. Honi inalia kama kifaranga. Mengine yote safi.

Jumanne, 24 Juni

Nimeipeleka kwa fundi Ziada, karibu na stendi. Wanaume watatu wanafanya kazi chini yake na wote humwita bosi. Akaniamkia vizuri, nikampa orodha. Hakuisoma. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanionyesha.

"Mwalimu, hii si oili tena. Hii ni lami."

Akafungua chujio la hewa, likamwaga vumbi la salfa. Si ajabu. Ninapita Lupaso kila wiki, na msimu huu watu wanapulizia mikorosho. Akasema cheni imekauka. Akasema pedi za breki zimebaki nyembamba kama kandambili ya mwaka juzi.

Nikamweleza kwa subira kwamba hakuna mgeni wa harusi atakayeinama kutazama oili. Honi itasikika. Egemeo litaonekana. Akajibu kwamba atafunga vyote ninavyotaka kwa sharti moja, pikipiki ilale kwake. Nimekubali.

Nimerudi kwa miguu. Nilipopita kwa Nurdin nilipiga mluzi ili asidhani nina shida. Aliniuliza kama kruza imekufa.

Jumatano, 25 Juni

Imependeza kuliko nilivyoota. Kioo kimesimama mbele kama cha pikipiki ya polisi. Egemeo lina sponji. Mikoba inang'aa. Honi ni ya lori. Niliijaribu mara moja tu pale karakana, na muuza mihogo akamwaga sinia lote.

Ziada ana masharti mengi. Honi nisiipige hovyo, swichi yake inanata. Kioo bado skrubu mbili. Mkoba wa kulia uko karibu mno na ekzosi, nirudi kesho afunge chuma cha kuutenga. Nimesema nitarudi. Sitarudi.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Zamani injini ilikuwa inakohoa na kunguruma, watu wanageuka. Sasa inavuma kama cherehani. Nimegundua Ziada amebadilisha oili, chujio, cheni na pedi za breki bila kuniuliza. Nashuku Nurdin alimpitia akamshawishi. Hata hivyo nimesamehe, maana kioo ni kizuri.

Alhamisi, 26 Juni

Siku mbaya. Dada Scholastika alinituma kwa mpiga chapa nikachukue ratiba za ibada, nakala mia mbili. Nikazitia kwenye mkoba wa kulia. Ningeweza kwenda moja kwa moja, lakini nilizunguka soko mara tatu ili watu waone kioo. Mzunguko wa pili nikasikia harufu ya kuungua. Nikadhani ni mishikaki. Mzunguko wa tatu mama mmoja akanipungia kanga kwa nguvu, nami nikampungia mkono.

Zimeungua nakala mia na kumi. Zilizobaki zina kingo za kahawia. Nilimwambia dada kwamba zimepata sura ya nyaraka za kale. Hakucheka.

Kamati ilikaa jioni hiyohiyo. Nurdin ataongoza msafara, mbele ya matarumbeta. Mimi nitakuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya gari la bibi harusi, na nisipewe kitu chochote cha karatasi. Dada alilisema hilo mbele ya watu wote. Nurdin alinipa pole kwa sauti ya huruma. Bora angenicheka.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeshinda. Niandike kwa utaratibu, nisiache kitu.

Tuliondoka saa mbili na nusu. Harusi ilikuwa saa nne, na padre alishatuonya kwamba saa tano kamili anaondoka kwenda Mnyambe kwenye maziko. Tukichelewa, ndoa itasubiri wiki nyingine, na wageni wengine wametoka Lindi na Dar.

Nilimeza vumbi la msafara mzima. Katikati ya mlima gari la bibi harusi likachemsha. Moshi ukajaa, dereva akafungua boneti na kukaa kwenye jiwe. Waliotangulia hawakujua lolote. Tulimpigia Nurdin mara sita, hakusikia kwa sababu ya matarumbeta. Saa nne na robo. Dada Scholastika alianza kulia taratibu, bila sauti. Regina alishuka, akakunja gauni lake mkononi, akaja kwangu.

"Mjomba, hii inafika?"

"Inafika."

Dada alivua kanga zake zote mbili akalifunga gauni lote kwa mafundo, shela akaichomeka ndani. Kisha akanishika bega. "Cecil, huyu ndiye mtoto wangu wa pekee." Nikafuta vumbi kwenye egemeo.

Regina alikaa upande, mgongo kwenye egemeo. Tukapanda. Kruza haikukohoa hata mara moja. Kona ya pili kioo kiliachia, kikanilalia puani. Regina akapitisha mkono begani kwangu akakishikilia. Kona ya nne likatokea lori la magunia, limejaa barabara nzima. Nilibana breki, zikashika papo hapo, tukasimama ukingoni. Regina alikuwa anasali. Nikapiga honi ya kuvunja mlima, lori likasogea.

Honi haikunyamaza tena.

Tuliingia Newala hivyo, honi ikilia mfululizo. Watu walitoka madukani, wakatoka sokoni. Kinamama wakaanza vigelegele, nadhani waliona ndio utaratibu wetu wa Masasi. Padre alikuwa ameshavua mavazi ya ibada na kushika ufunguo wa gari. Aliposikia honi alidhani ni lori lililokatika breki, akatoka kutazama, akamkuta bibi harusi getini. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nne. Akacheka, akarudi kuvaa. Akapiga simu Mnyambe wamsubiri kidogo.

Nurdin ndiye aliyeng'oa waya wa honi. Alinipa mkono wa heri. Alikuwa amekaa pale nusu saa akimtafuta bibi harusi.

Jumapili, 29 Juni

Jana kwenye sherehe dada alinipakulia firigisi kwa mkono wake, mbele ya kamati nzima. Kisha nikaombwa niseme machache. Nilisema kwa dakika ishirini. Nilishukuru kioo, egemeo, honi, na moyo wangu wa kuona mbali. Watu walipiga makofi hata kabla sijamaliza.

Ziada alikuwa amealikwa. Alinisogelea akasema mlima ulipandwa na oili na chujio, na lori lilikwepwa na breki. Nilimsikiliza kwa heshima. Mafundi nao wanapenda kutajwa.

Jumatano, 2 Julai

Umaarufu umefika. Mama mmoja wa Mnyambe, anaitwa Mama Huruma, amekuja hadi nyumbani. Binti yake anaolewa mwezi ujao na wanataka aletwe kanisani na kruza, si na gari. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Ziada na mchoro. Ni mwavuli mkubwa mweupe wenye mishono ya dhahabu, unaofungwa kwenye bomba nyuma ya egemeo. Ziada aliutazama mchoro, akazunguka nyuma ya pikipiki, akachuchumaa. Akasema tairi la nyuma limeisha, limebaki laini kama yai, na safari hii nianzie hapo.

Nimemjibu kwa upole kwamba bibi harusi hakai kwenye tairi.