Kumtafutia Nasike Wakala

Jumatatu, 9 Juni

Nasike amepata wakala! Wa vitabu! Wa Nairobi! Ngoja niketi kwanza.

Sawa. Nimeketi. Bado hajampata kabisa kabisa, lakini mguu mmoja uko ndani. Nasike ni kifungua mimba wangu. Asubuhi anafundisha chekechea hapa Matisi, jioni anaandika hadithi za watoto na kuzichora mwenyewe. Maneno yake, picha zake. Akili mbili kichwa kimoja. Alizitoa kwangu. Baba yake akichora ng'ombe unafikiri ni kiti.

Kitabu chenyewe ni cha kuku anayetaka kuvuka mpaka pale Suam kumwona dada yake Uganda, na kila askari anamuuliza kitambulisho. Mwishowe anakanyaga matope na kujigongea muhuri kwa mguu wake. Nimekisoma mara nane. Nimelia mara mbili.

Nasike anasema wachapishaji wakubwa hawamfungulii mtu mlango ovyo. Lazima uwe na wakala, mtu wa kukusemea. Anabeba kazi yako, anaipeleka kwao, anapatana kwa niaba yako. Tangu Januari ameandikia mawakala kumi na mmoja. Saba kimya. Watatu, asante lakini hapana. Leo yule wa mwisho, Bi. Emmy, amejibu ati amempenda sana huyo kuku na angependa wazungumze kwa simu Jumatano saa kumi.

Nasike akaniomba nisimwambie mtu kwanza. Nimeheshimu. Nimemwambia tu Nakhumicha, mke wa shemeji yangu kule Mabanga, kwa sababu yeye si mtu, ni familia. Na wamama wa chama, kwa sababu niliandika kimakosa kwa kundi lao la simu na nikaona si vizuri kufuta.

Nakhumicha akasema hongera, halafu papo hapo akaniambia mwanawe Wanyonyi amepandishwa cheo kule kwa mifugo. Huyo Wanyonyi huchanja ng'ombe. Hao ng'ombe hata hawamjui jina.

Jumanne, 10 Juni

Sijalala vizuri. Nimefikiria. Watoto wa siku hizi wanajua kuchora lakini hawajui kupatana. Nasike ataulizwa swali moja na atasema ndiyo! Namjua. Hata sokoni, bei ya kwanza ndiyo bei yake, na anashukuru.

Mimi watu wa mume wangu Sifuna walipokuja kuniuliza, yaani kuniposa, baba yangu aliwaacha nje ya boma tangu asubuhi mpaka jua likainama. Walipoingia wakaambiwa hapa hakuna msichana. Na mimi niko jikoni napika chai yao! Mara ya pili wakaambiwa msichana yuko, lakini ameulizwa na wengi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, lakini hiyo ndiyo kazi ya wazee. Baba akakohoa, wakaenda. Mara ya tatu ndipo wakasikizwa. Na Sifuna ananiheshimu mpaka leo. Kitu ukipewa haraka utakiweka chini ya kitanda.

Sasa huyu Bi. Emmy anakuja kuuliza mtoto wangu, na upande wetu hauna mtu wa kusema! Nikamwambia Sifuna. Akasema niachane na mambo ya Nasike, mahindi yanangoja mbolea ya pili. Huyo ndiye mume wangu. Mbolea.

Nikamshauri Nasike asishike simu inapolia mara ya kwanza. Akacheka. Nikamshauri pia kuku anenepeshwe kidogo, huyu anaonekana kama ametoka hospitali. Hakucheka.

Jumatano, 11 Juni

Mungu hufungua njia. Simu ya Nasike haikai na moto, kwa hivyo aliiacha hapa nyumbani ikichajiwa, akasema atakuwa amerudi saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika tano ikalia. Bi. Emmy! Kabla ya wakati! Nikajiambia, anayekuja mapema ana njaa.

Nilikusudia kumwambia tu kwamba Nasike hayuko, apige baadaye. Naapa. Lakini ile sauti ilikuwa tamu, na ilikuwa na haraka, na mdomo wangu tayari ulikuwa umeshavaa nguo za kutoka.

Nikamwambia mimi ni mama mzazi. Akafurahi sana. Akasema ametangulia kupiga kwa sababu ana mkutano, na kwamba angependa kumwakilisha Nasike. Nikasema tumesikia, lakini kwetu jibu halitoki siku ya kwanza. Akasema anaelewa. Nikasema, tena mlango wetu umebishwa na wengi. Akauliza, yaani mawakala wengine? Nikasema, wengi. Akauliza kama kuna mmoja ambaye tumeshamwahidi. Nikakohoa kile kikohozi cha baba yangu. Kilitoka vizuri!

Akasema kwa heshima kubwa kwamba hangependa kuingilia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, haya mambo huenda polepole.

Nasike aliporudi nikamwambia Bi. Emmy alipiga, anasalimia, na mambo ni mazuri. Akampigia mara mbili. Haikushikwa. Nikamwambia hiyo ni dalili nzuri, anajipanga.

Alhamisi, 12 Juni

Hajipangi.

Ameandika. Nasike alinisomea akiwa amesimama hapo mlangoni, bado na chaki kwenye sketi. Bi. Emmy anampongeza kwa kupata mawakala wengi wanaomtaka. Anajua mwandishi mpya anahitaji nafasi ya kuchagua bila kusukumwa. Yeye anajiondoa, na anamtakia kuku safari njema.

Nasike akabana simu kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hao mawakala wengi ni akina nani?"

Nikamweleza. Babu yake, boma, chai, kikohozi. Nikamwambia hii ni ile mara ya kwanza tu, watu wanaotaka hurudi.

"Huyu hakuwa wa kwanza, Mama. Alikuwa wa mwisho."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliketi akachonga penseli zake za rangi zote, thelathini na sita, mpaka zingine zikabaki kama kucha. Nikamletea chai. Akasema asante. Ile asante sikuipenda. Miaka mitano huyu mtoto amechora juu ya meza ya kulia, anatoa vitu vyake tukitaka kula, anavirudisha tukimaliza. Hajawahi kulalamika hata siku ile ugali ulimwangukia kuku.

Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepigia Bi. Emmy simu mara tano kwa laini yangu. Ya sita Sifuna akaichukua simu yangu akaenda nayo shambani. Ameiweka kwa mfuko wa koti, koti ameliacha katikati ya mahindi, ati nikiitaka nipalilie mpaka niifikie. Nimepalilia mistari mitatu. Mtu huyu hana huruma.

Nasike anachora tangu alipotoka kazini. Nikipita anafunika karatasi na mkono. Sijauliza. (Niliuliza mara moja.)

Nimeamua. Nilichoharibu kwa mdomo kitarekebishwa na wazee. Kosa langu nimeliona: si kwamba nilikataa. Ni kwamba nilikataa peke yangu, mwanamke, kwa simu, bila watu. Ndiyo maana mama wa watu hakuelewa.

Kesho naenda Mabanga. Wakhungu, kaka mkubwa wa Sifuna na mume wa Nakhumicha, ndiye amesemea wasichana wote wa jamii hii. Hajawahi kushindwa hata mara moja.

Jumamosi, 14 Juni

Mabanga. Nakhumicha alinipokea na chai na pole. Pole zilikuwa nyingi kuliko maziwa. Akasema hata yeye angesikitika, kwa sababu bahati kama hiyo ikienda haina njia ya kurudia. Halafu akanionyesha picha ya Wanyonyi akiwa amevaa gumbuti mpya. Nikazisifu hizo gumbuti. Nilikuwa nahitaji mume wake.

Wakhungu alisikiza yote bila kunikatiza, akitafuna muwa. Mwishowe akauliza kitu kimoja: huyo mama ni wa watu gani? Nikasema sikumuuliza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama daktari. Akasema, shemeji, umekataa mtu ambaye hata hujui unakataa nani.

Akaita wazee. Wakaketi. Barua ikaandikwa kwa karatasi ya mistari, pande mbili. Upande wa kwanza wote ni ukoo wa Nasike, kuanzia babu wa babu. Upande wa pili unaenda kwa jambo lenyewe, na Wakhungu alisoma hapo akiwa amesimama: "Sisi watu wa Nasike hatukukataa. Tulikuwa tunakataa vile watu hukataa. Rudi, na ukirudi, uje na watu wako."

Nililia. Hata Nakhumicha alijipangusa, akasema ni moshi. Wazee saba wakaweka sahihi. Wanyonyi naye akatia yake, akaongeza chini ya jina lake, Afisa wa Mifugo, ili barua iwe na uzito. Tukaipiga picha kwa simu yangu, ile niliyoipalilia mpaka nikaifikia, tukamtumia Bi. Emmy saa nane mchana.

Jumapili, 15 Juni

Amerudi! Bi. Emmy amerudi! Barua ya wazee si mchezo!

Nasike anasema si barua. Ati Ijumaa jioni yeye mwenyewe aliandikia Bi. Emmy ukweli wote, kwamba hakuna wakala mwingine duniani anayemtaka, kwamba aliyeshika simu ni mamake. Na kwa vile maneno hayakutosha, akachora. Amenionyesha. Ni mama kuku amefunga kitambaa, simu sikioni, kifua mbele, anakohoa. Nje ya lango kuna njia ndefu sana, na kwa hiyo njia hakuna mtu hata mmoja.

Niliangalia hiyo picha muda mrefu. Nikauliza huyo kuku ni nani. Sifuna akatoka nje, nikamsikia akicheka mpaka kwa zizi.

Bi. Emmy amesema alicheka akiwa ofisini peke yake. Ati hata yeye alipoolewa, shangazi zake walimkatalia bwana arusi mpaka mvua ikamnyeshea na suti. Anamtaka Nasike. Anamtaka kuku wa Suam, na huyu mama kuku wa simu anataka awe kitabu cha pili.

Nasike akanionyesha saa. Jibu lilitoka Jumamosi saa nne asubuhi. Barua ya Mabanga tulituma saa nane. Nikamwambia barua ya wazee husikika kabla haijafika. Mvua ya Mlima Elgon si tunaiona ingali kule?

Na huyo kuku wa pili ni mnene. Nilimwangalia tu.

Halafu akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mama, nisikize. Anapita hapa akitoka Eldoret. Chai, nusu saa, tunaweka sahihi. Ni wewe, Baba, mimi na yeye. Basi."

Nikamwambia nimesikia. Nilimkumbatia mpaka akasema inatosha. Mtoto wangu ana wakala! Mtu wa kumsemea, mbali na mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewaambia wachache tu.

Wakhungu anakuja na wale wazee saba, maana waliweka sahihi, huwezi kuwaacha. Nakhumicha anakuja kusaidia kupika, anataka kujionea. Wanyonyi ataleta hema kwa pikapiki ya kazi kama itakuwa na nafasi. Wamama wa chama wameshagawana sufuria. Mchungaji alitangaza jana kwenye ibada ya pili, sikumtuma, nilimdokeza. Walimu wa chekechea watakuja na watoto kuimba. Nasike bado hajajua, nataka afurahi mara moja.

Wakhungu atasimama langoni. Bi. Emmy akifika ataambiwa hapa hakuna Nasike. Sifuna amekataa kukohoa, lakini nitamzoesha, bado kuna siku. Mara ya pili tutamwambia ameulizwa na wengi. Safari hii tuko watu wa kutosha, ataelewa.

Kwa hivyo kila mtu ajue na aambie mwenzake: hapa kwetu Matisi, Jumamosi, tarehe 28 Juni, saa nne asubuhi.