Mstari wa Bwana Strehlow

Mwezi Machi 1944 Ofisi ya Umiliki wa Anga, Kanda ya Kusini, ilitangazia wananchi wote wa Bavaria kwamba mapambano ya angani yamekwisha na Ujerumani imeshinda. Anga, kuanzia paa la nyumba kwenda juu, lilikuwa sasa mali ya serikali. Aliyetaka kulitazama alishauriwa alitazame kwa shukrani.

Tangazo hilo lilipigwa chapa na Alois Pfandl, karani wa daraja la tatu, mtu mwembamba wa miaka hamsini na minne ambaye hakuwahi kupandishwa cheo kwa sababu alikuwa na tabia mbaya ya kusoma alichokuwa anachapa.

"Bwana Mkurugenzi," aliuliza, "marubani wetu kumi na wanane hawakurudi wiki hii. Niwaandike wapi?"

"Waandike likizo," alijibu Mkurugenzi, Daktari Egon Strehlow. Udaktari wake ulikuwa wa sheria za uwindaji.

Strehlow hakuwa mjinga. Alikuwa na hesabu. Ndege za mabomu za Wamarekani zilikuwa zikija mchana kweupe kutoka Uingereza, kubwa kama ghala, na kwa muda mrefu ziliposindikizwa na ndege ndogo za kivita, hizo ndogo ziliishiwa petroli njiani zikageuza. Zile kubwa zikabaki peke yao, na marubani wa Kijerumani wakazivuna kama mahindi. Basi Strehlow akachukua rula, akachora mstari mwekundu kwenye ramani karibu na Frankfurt, akatoa Waraka Namba 212: ndege ya kivita ya adui haiwezi kuvuka mstari huu. Atakayesema ameiona upande wa huku anaeneza hofu. Na kueneza hofu, mwaka ule, kulimpunguzia mtu urefu kwa kichwa kizima.

Tatizo ni kwamba Wamarekani hawakuwa wameupata Waraka. Walikwenda wakafunga matangi ya petroli chini ya mabawa ya zile ndogo, wakawa wanayatumia kwanza na kuyatupa yakiisha. Sasa ndege ndogo zilifika Munich na bado zilikuwa na nafasi ya kutafuta ugomvi.

Tangi moja liliangukia shamba la kabichi la Kreszenz Hölzl, mjane wa kijiji cha Hinterzell. Akaenda kituo cha polisi kueleza, kama raia mwema. Jioni ile ile alifunguliwa jalada la kueneza hofu, na Pfandl akatumwa kumhoji.

"Karibu, baba," alisema Mama Hölzl bila kuinua kichwa. Alikuwa anakata viazi. "Umekuja na kisu au kinakufuata nyuma?"

"Nimekuja na fomu, mama."

"Afadhali kisu."

Walikwenda shambani. Tangi lilikuwa refu kuliko mtu, limeumbwa kama yai lililovutwa, limepasuka ubavuni. Pfandl aliligonga kwa kidole. Lilikuwa la karatasi: karatasi juu ya karatasi, imeshikizwa kwa gundi na kupakwa rangi. Maisha yake yote alikuwa ameishi na karatasi, na hakujua kwamba inaweza kuruka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "sema ni hori la nguruwe."

"Hori limeanguka kutoka mbinguni?"

"Sema ulilinunua."

"Nilisema kweli mara moja na wameniandalia jeneza. Nikisema uongo si watanizika mara mbili?"

Pfandl alikunja fomu, akaondoka. Alijua fomu ile ikifika Munich bila neno hori, yule mama hatauona mwezi wa Mei.

Kesho yake Strehlow alisema atakwenda mwenyewe. Alikwenda mchana, kwa gari jeusi la serikali, paa likiwa wazi, ili wanakijiji waone jinsi anga lilivyo salama. Pfandl alikaa mbele na mkoba, dereva akiwa mgonjwa, akaendesha yeye.

Walikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani kwa Mama Hölzl ndege mbili zilipotokea juu ya msitu, chini kabisa, zikikata vilele vya misonobari. Pfandl alikanyaga breki, akajirusha mtaroni. Strehlow alikuwa mzito lakini siku ile alikuwa mwepesi. Alipita juu ya mlango, akavuka uzio, akatumbukia kwenye shimo la samadi mpaka kifuani. Risasi zilipita kwenye gari kama cherehani. Likawaka.

Ndege zikatokomea. Mama Hölzl alikuja na uma wa nyasi, akamnyooshea Strehlow mpini wake, akamvuta.

"Andika, Pfandl," alisema Strehlow, akitema. "Gari limeshambuliwa."

"Na nini, Bwana Mkurugenzi?"

"Na ndege za..."

Pfandl alikuwa ameshatoa kalamu. Sauti yake ilikuwa ya ofisini kabisa. "Za kivita? Upande wa huku wa mstari? Niandike Bwana Mkurugenzi ameziona kwa macho yake?"

Strehlow alitazama gari, akatazama anga. "Limewaka lenyewe," alisema.

"Na shahidi hapa?"

"Mimi sikuona ndege," alisema Mama Hölzl taratibu. "Sijawahi kuona ndege. Niliona bwana mmoja anashuka kwenye gari linaloungua na kwenda kuoga."

Pfandl aliandika neno kwa neno, Strehlow akaweka saini kwa kidole kinachonuka. Na kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa sasa shahidi wa serikali asiyeona ndege, jalada lake la kuona ndege lilifungwa siku ile ile.

Berlin iliipokea taarifa kwa uzito wake. Gari la serikali haliwaki lenyewe. Kuteketeza petroli ya taifa wakati wa vita ni hujuma, ila kwa heshima ya udaktari wake Strehlow alipewa adhabu ndogo: akavuliwa cheo, akapelekwa kuhudumia mzinga wa kutungulia ndege juu ya paa la kiwanda cha mafuta. Nafasi yake haikujazwa. Pfandl alibaki ofisini peke yake, na simu, na kitufe cha king'ora cha kanda.

Wiki ya pili simu ililia saa nne asubuhi.

"Pfandl, ni mimi. Zinakuja. Kubwa hazina idadi, na ndogo juu yake kama nzi. Piga king'ora."

"Ndogo za namna gani, bwana?"

"Za kivita. Nakuomba, bwana Pfandl. Kuna watu mia tatu hapa chini."

"Waraka 212 unataka jina la aliyeziona. Niandike nani?"

Mzinga ulisikika, kisha mwingine. Kisha ile sauti iliyozoea kutia saini ikasema polepole:

"Hakuna aliyeziona."

Pfandl alikuwa ameshabonyeza king'ora kabla ya kuuliza.