Santuri Iliyozeeshwa kwa Moshi

Jumamosi, 14 Juni 2014
Mjomba Sylvesta kapita Kasulu na lori akielekea Manyovu. Kaniletea santuri, zawadi ya tajiri yake wa Dar. Mkusanyiko wa nyimbo za bendi ya roki ya Uingereza ya miaka ya sitini, umetolewa upya mwaka jana. Bado uko kwenye nailoni. Gramafoni hatuna. Mjini hapa naijua moja tu, ya Mzee Gharibu, muuza vitambaa. Mzee Gharibu ni babu yake Tunu. Tunu tunasoma naye kidato cha tatu, na mpaka leo nimemwambia neno moja: samahani. Nilimkanyaga. Mwenye santuri atakaribishwa sebuleni. Chai ya sebuleni huletwa na Tunu. Mpango umekamilika.

Jumapili, 15 Juni
Nimekwenda dukani kupeleleza. Ulimi ukagoma kutaja santuri, nikanunua kifungo. Mzee alikuwa akimlalamikia mteja kwamba vitu vya siku hizi takataka, kanga ukiifua mara moja imekuwa dekio. Yeye ni mtu wa vitu vya zamani. Changu kipya kabisa! Jirani yetu Leonidasi, aliyekuwa akimbebea mzee majora, akaniuliza kifungo kimoja cha nini, shati nimeliacha wapi. Tunu akacheka.
Nimeamua. Santuri itazeeka.

Jumatatu, 16 Juni
Jalada nimelipaka chai ya rangi. Mwaka wa 2013 nimeukwangua kwa wembe. Linaonekana limepigana vita. Santuri yenyewe bado inang'aa kama kiatu cha mkaguzi. Nimeilaza kwenye kichanja juu ya mafiga, ipate moshi.

Jumanne, 17 Juni
Mama kapika maharage. Maharage hayaivi haraka. Santuri imeota ukingo. Mama kauliza kama ni ungo wa mtindo mpya. Nimeigandamiza kwa gunia la muhogo mkavu. Imenyooka kiasi.

Jumatano, 18 Juni
Sebuleni! Tunu kaleta chai. Nikamwambia mzee kwamba santuri hii ni mali ya ukoo tangu enzi za babu. Akaweka sindano. Mwimbaji akasikika kama mtu anayeimba juu ya pikipiki kwenye makorongo. Tunu akaziba mdomo kwa ushungi. Mzee akavaa miwani, akasoma karatasi ya katikati. Mle mwaka wa 2013 niliusahau kuukwangua.
Akafungua kabati. Anayo hiyohiyo, ya zamani hasa, ya ujana wake Tanga. Imekwaruzika, wimbo wa tatu haupiti tena, nao ndio alioupenda marehemu bibi. Tangu mwaka jana anawaagiza ndugu zake wa pwani wamtafutie mpya. Akaniuliza taratibu, mjukuu wangu, nani kaifanya hivi? Nikasema maharage.

Alhamisi, 19 Juni
Leonidasi kapita kunitambia. Jana jioni naye kanywa chai kwenye kochi lile lile. Nikamuuliza alipeleka nini. Hakupeleka kitu, aliomba tu asikilize. Mtu hana hata mbinu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimeomba radhi. Mzee kanuna, lakini Tunu kanitetea! Kamwambia babu yake anipe nafasi nyingine. Nimekabidhiwa santuri ya zamani niipeleke kwa fundi redio aifute vumbi. Mlangoni Tunu akanisihi nisiiguse mwenyewe, ikiharibika hii babu hana nyingine.
Kwa fundi kuna foleni. Nimerudi nayo nyumbani nikaichunguza kwa makini. Mikwaruzo ni mitaro tu, na mtaro huzibwa. Dawa nyeusi ya viatu ipo nusu kopo. Nimeanza na wimbo wa tatu.