Habari za Kadi Mbili za Picha Zilizogombaniwa Isevya

Sogeeni, enyi wa Isevya na Kanyenye, nanyi wa Ng'ambo msiojua kunyamaza mtu mzima anaposema! Zimeni redio, epueni masufuria, kwa maana nasimulia vita. Walipita hapa Tabora zamani wapagazi, pembe za ndovu mabegani, toka ziwani hadi pwani, wakasifiwa na waliojua kuandika. Vema. Lakini ni nani kati yao aliyepanda bajaji toka sokoni amepakata kadi mbili za picha za kompyuta, moja ya kasha la kijani na moja ya kasha jekundu, huku mumewe amenuna ubavuni? Hakuna! Basi tulieni. Nawe Mola uliyenipa ulimi huu ambao mume wangu anaulalamikia kila siku, nipe na pumzi.

Alikuwapo Imakulata, jirani yangu, mpiga video za harusi, mshika kamera asiyetetereka hata vigelegele vimwagwe ndani ya sikio lake. Kompyuta yake aliitawala kwa mfumo wa Linux, kwa kuwa alichoshwa na virusi walivyomletea wateja kwenye flashi zao. Na alikuwapo mumewe Shigela, mfanyabiashara wa mchele wa Igunga, shabiki wa Yanga tangu tumboni, mwenye pazia la kijani, ndoo ya kijani na mswaki wa kijani. Katika nyumba ile hata nyanya ziliingia kwa ruhusa maalumu, maana nyekundu ni rangi ya Simba, watani wa Yanga.

Tena alikuwapo Mama Kashindye, mzazi wa Shigela. Bibi huyu aliteleza kisimani kule Igunga, mguu ukafungwa hogo la plasta, wiki ileile ambayo kitinda mimba wake, Raymundi, alipewa upadre baada ya kusoma seminari ya Kipalapala mpaka tukadhani amesahaulika huko. Ukoo mzima ukaenda. Yeye akabaki kitandani akilia. Imakulata akamwapia: "Mama, utaiona yote, nimeirekodi kwa mkono wangu." Akaletwa Tabora, akaketishwa kwenye kochi mbele ya kompyuta, amevaa kitenge chake cha sherehe.

Filamu ikaanza. Maandamano yakapita, kwaya ikaimba, askofu akaketi. Raymundi akajilaza kifudifudi mbele ya altare, kama ilivyo desturi, ili watakatifu waitwe mmoja mmoja wamwombee. Na hapo, ole wetu, kompyuta ikaganda!

Kisa ni kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora kila tukionacho kwenye kioo. Ilikuwa kongwe. Shigela ndiye aliyeinunua, kwa sifa moja tu kwamba kasha lake lilikuwa la kijani, na walioiunda wameshaistaafisha, hawaiandalii tena programu za Linux mpya. Imakulata akazima, akawasha, ikaganda palepale. Akajaribu simu, simu ikayakataa mafaili yale mazito.

"Mkwe," akauliza Mama Kashindye jioni, "mbona mwanangu haamki?" Asubuhi akauliza tena, "Bado kalala?" Kesho yake hakuuliza. Akageuzia uso wake ukutani, na hilo ndilo lililomkata maini Imakulata.

Wakatoka mke na mume, wakaivamia ngome ya Ngassa, muuza vifaa vya kompyuta. Palikuwa na kadi za koo mbili tu, yaani watengenezaji wawili, bei ileile. Majina ya koo hizo siyataji, maana sina wakili. Imakulata akasimama katikati ya nyaya, akanena kama anayehutubia jeshi:

"Nisikilize, Shigela mwana wa Kashindye! Hawa wa kijani ni hodari, siwabezi. Lakini programu ya kuiendesha kadi yao huja kando, sharti niishushe mtandaoni, na Linux ikijisasisha huenda nikaanza upya. Hawa wekundu programu yao iko wazi, tena imo ndani ya Linux tayari. Naichomeka, inawaka. Mama anasubiri, mume wangu, na mimi nilimwapia!"

Shigela akajibu, mkono kifuani: "Ewe mke wa ujana wangu! Ulitaka pazia la rangi ya damu ya mzee, nikakataa. Dada yako alituletea beseni jekundu, nikaligawa. Niliapa mbele ya tawi zima: chekundu hakitavuka kizingiti changu. Leo nikivushe mwenyewe, niwe kichekesho cha kijiwe?"

Mambo yangeweza kutulia, lakini Ngassa ni Simba lialia, akashindwa kujizuia. "Shemeji, usione haya," akasema huku meno yote nje. "Wengi wenu mnakuja kimyakimya hivihivi. Karibu nyumbani." Loo! Shigela akavimba. Ikabidi Ngassa ajirudi upesi, akawapa zote mbili wakazijaribu, ile watakayoikataa irudi kabla hajafunga duka.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwao kuazima chujio, nikasahau kuondoka, ndiyo maana nayajua haya. Kadi nyekundu iliachwa barazani, kuku wakaikagua. Ya kijani ikaingizwa kwa heshima zote. Kioo kikawaka hafifu, kikadai programu yake. Mtandao ukatambaa, ukachoka, na bando likakata katikati. Shigela akakimbia kununua jingine. Programu ikashuka, ikapandishwa, kompyuta ikawashwa upya. Kioo kikawa cheusi tii.

"Mpira dakika tisini!" akapiga kelele Shigela. "Tulieni, tutasawazisha!" Imakulata akajaribu tena, jasho likimtiririka, na saa ya Ngassa kufunga ikawa inakaribia. Kioo kikabaki cheusi.

Ndipo Mama Kashindye aliposema, bila kugeuka kutoka ukutani.

"Shigela, ng'wanone, mwanangu. Timu yako ina watu kumi na mmoja, na wakichoka wanaingizwa wengine. Mimi watoto wangu ni wawili. Mmoja amelala chini hajainuka, na mwingine anaogopa boksi."

Shigela akasimama, akatoka kwenda barazani, akafukuza kuku. Akaivua skafu yake ya Yanga shingoni, akalizungushia kasha lile jekundu mpaka lisionekane hata kona, akalivusha kizingiti akilipakata kwa mikono miwili. "Chomeka," akamwambia mkewe. "Haraka, kabla sijabadili mawazo."

Imakulata mwenye bisibisi akafungua, akachomoa, akachomeka, akawasha. Kioo kikawaka mara moja, cheupe, bila kudai chochote. Ndani ya tumbo la kompyuta taa ndogo nyekundu ikang'ara mpaka kwenye pazia la kijani. Shigela akaiona, akageuzia macho kwenye kioo.

Filamu ikaanza. Raymundi akajilaza. Watakatifu wakaitwa, mmoja, na mwingine, na mwingine. Tukapita pale ilipokuwa ikiganda, mimi nimemng'ang'ania Imakulata mkono mpaka akalalamika. Kisha kiwiko kikasogea. Goti likafuata. Raymundi akainuka!

"Kainuka!" akaunguruma Shigela. "Mama, tazama, kainuka!" Machozi yakamshuka waziwazi, wala hakusingizia vumbi. Andikeni, enyi wenye kalamu: siku hiyo mjini Tabora padre alisimamishwa kwa bisibisi, na Imakulata akatimiza kiapo chake kwa kuvunja cha mumewe.

Mama Kashindye alikuwa ameugeukia ule mwanga, mkono mdomoni. Akatazama mwanawe akipakwa mafuta, akatazama mpaka mwisho. Kisha akamshika Imakulata vidole, akamvuta karibu.

"Mkwe," akasema, "mrudishe nyuma. Mlaze tena, nimwone anavyoinuka."