Miti ya Kukamata Bisi

Lundi, tarehe 1 mwezi wa 9

Niko na miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, wakubwa wote wa bateau, zile meli za mutoni, niliofanyia kazi, na bateau zenyewe. Nimepita uasi, nimepita mercenaires, wale askari wa kulipwa, nimepita vita ya Siku Sita ya hapa mjini chini ya kitanda pamoja na mbuzi. Mbuzi alikufa baadaye. Miye niko.

Masomo niliishia mwaka wa tatu, ku mission. Maandishi yangu inatembea sawa kaa, inaenda upande, lakini inafika.

Bon. Naandika juu kuna jambo. Mji wetu Kisangani unaleta bisi. Haiko zile za zamani za kushuka na kusukuma. Hizi ni kubwa, na ziko na njia yao peke yao katikati ya barabara, toka daraja ya Tshopo mpaka huku kwetu Kabondo. Moto, zile pikipiki, zitafukuzwa pale. Toleka pia, zile baiskeli za kubeba batu. Na bisi haitasimama kila fasi mutu anainua mukono. Itasimama tu ku arrêt, fasi ambayo wakubwa wamechagua.

Binti yangu Honorine anapikaka mbele ya lupango yetu, kiwanja cha nyumba. Lituma ya ndizi za kutwanga, samaki, pondu ya majani ya muhogo. Wanaokula kwake ni batu ya moto na toleka. Wakifukuzwa, malewa yake, hiyo fasi ya kuuzia chakula, inakufa, isipokuwa arrêt iwekwe ku mulango yetu. Ingénieur wa bisi, kijana mumoja anaitwa Eddy, alimuambia wanaangalia fasi mbili. Kwetu. Ao kule chini, mbele ya Séverin.

Séverin! Mutu wa Isangi. Tulifanya kazi bateau moja. Miye nilishika usukani, yeye alipima maji na muti. Anazungukaka akisema kinyume. Muongo.

Honorine anasema atapika tu vizuri, ingénieur ajionee namna batu wanajaa saa sita. Nikamuambia hiyo haiko mpango. Aniachie miye.

Mercredi, tarehe 3

Nilivaa koti na kwenda bureau ya bisi. Wa kwanza kumuona: Séverin, kwenye benchi, bata mapajani. Nikamuuliza hiyo bata inaomba kazi gani. Akajibu kwamba bata ilimufuata yenyewe. Bata yenye kufungwa miguu.

Eddy alitupokea sisi wote pamoja, jambo ambalo halikunipendeza. Nilimueleza mambo ya kusimamisha chombo: maji, upepo, uzito, moyo wa mutu anayeshika usukani. Alisikiliza vizuri, akaniita papa, akasema asante. Séverin akaweka bata juu ya meza. Eddy akairudisha chini. Bata ikafanya mambo yake juu ya plan, ramani ya mji iliyotandikwa pale chini, upande wa Mangobo. Tukatolewa wote. Miye kwa heshima zaidi.

Mu couloir, nje ya mulango wa Eddy, kulikuwa mama mumoja wa Kinshasa, Micheline. Kazi yake ni kuchagua rangi ya bisi na picha ya kuchora ubavuni, ili mutu akiona tu ajue: hii ni ya Kisangani. Alikuwa amepanga picha kwenye ukuta. Okapi. Tembo. Chui. Nikamuambia hizo nyama zote hazijapanda bisi hata siku moja. Alicheka, akauliza basi achore nini. Nilisimama vizuri ili anione. Hakuelewa.

Vendredi, tarehe 5

Nimepata. Nilikuwa naoga, ikaja yenyewe.

Sisi Wagenia, wavuvi wa kule ku maporomoko, hatugombanaki fasi. Fasi ni ya jamaa yenye miti yake mu maji. Babu alisimamisha miti katikati ya mawe, akaifunga na kamba ya pori, akashusha kitunga kikubwa. Basi. Maji yote inayopita pale, na samaki yote, ni ya watoto wake. Mutu mwingine hawezi kushusha kitunga yake hata kama anakufa njaa. Anaangalia tu. Hakuna karatasi, hakuna muhuri. Miti inatosha.

Donc. Nitasimamisha miti mbele ya lupango, ku pembeni ya barabara, kabla wapimaji wa barabara hawajafika. Watakuta fasi iko na mwenyewe.

Honorine aliacha kutwanga lituma.

"Papa, bisi haiko samaki."

Nikamuambia kitu chochote kinachopita na nguvu ni cha mwenye miti. Akaniomba nikae kivulini tu, nisalimie wateja. Binti anataka baba yake awe pambo.

Doudou, mutoto wa dada yangu, mutu mukubwa mwenye toleka yake, amekubali kuleta miti toka njia ya Banalia. Alilalamika kwamba miti ni mirefu kupita njia. Nikamuambia njia itazoea.

Samedi, tarehe 6

Imesimama. Tulifanya mchana, mbele ya batu yote. Mwenye kusimamisha miti kwa kujificha ni mwizi wa fasi. Niliimba wimbo wa kazi, Doudou akaitika vibaya juu alikuwa anabeba uzito. Miguu mitatu ya muti, mikubwa, imefungwa juu, na kitunga cha babu yangu kinaning'inia chini yake na mudomo wazi, kikiangalia upande wa Tshopo, kule bisi zitatokea. Kitunga kiliingia kuku mara moja. Dalili nzuri.

Séverin alipanda toka kule chini kuja kuangalia. Alizunguka pole pole, mikono nyuma.

"Nephtali, samaki ya hii barabara iko na klaksoni."

Batu wakacheka, hata wateja wa Honorine, sahani yetu mukononi. Nikamujibu kwamba batu wa Isangi wanakimbizaka samaki na wavu mutoni kote sawa wenye kudai deni, lakini Mugenia anakaa, na samaki inamuletea heshima. Akasema haya, tutaona bisi itapelekea nani heshima. Alienda akitabasamu. Sikupenda ile tabasamu. Ilikuwa na meno mingi kwa mutu wa miaka yake.

Mardi, tarehe 9

Wapimaji wamekuja! Eddy mbele, vijana na vyombo nyuma. Wakafika ku miti, wakasimama. Umeona? Wakasimama.

Eddy akauliza hii ni nini, ni ya nani. Nilitoka na koti. Nikasema ni miti ya jamaa yangu. Akauliza ni ya tangu wakati gani. Sasa, mutu akisema "tangu Samedi", ni jibu la mutu mudogo. Nikasema barabara iliikuta pale, barabara ndiyo ilikuja nyuma. Nikasema wazungu wa kwanza walifunga pale mitumbwi yao. Mutu wa kupima mumoja akaangalia chini, mavumbi matupu, akauliza muto uko wapi. Nikamuambia muto ulihama. Akavua kofia.

Eddy alikuwa na wasiwasi. Akanishika mukono, akasema wazi:

"Papa, sema vizuri. Kama ni kitu cha wahenga, siwezi kukigusa. Kama ni miti tu, naiondoa leo, na kazi inaendelea."

"Isiguswe," nikasema.

Aliniuliza tena. Honorine alifungua mudomo, nikamutazama, akaufunga. Nikasema mwenye kugusa ile miti atanipitia miye kwanza. Wakaandika. Wakapiga picha. Wakaenda kula kwa Honorine, na mumoja akaongeza sahani ya pili.

Fasi iko yetu. Nimelala mchana sawa mutu aliyeshinda kesi.

Jeudi, tarehe 11

Micheline alikuja mwenyewe na gari. Ameona picha mu bureau. Alizunguka miti, akakaa chini ku mavumbi na nguo yake ya Kinshasa, akasema okapi imekwisha, tembo imekwisha. Hii ndiyo Kisangani. Miguu mitatu na kitunga, rangi ya kijani, juu ya bisi yote nyeupe. Hata mutu asiyejua kusoma ataijua toka mbali.

Nikamuuliza kama nitachorwa pembeni. Alisema picha lazima iwe nyepesi. Nikamuambia sina uzito mukubwa. Hapana, akasema, nyepesi ya macho. Bon. Kila kazi na sheria zake.

Niliteremka mpaka kwa Séverin kumueleza kwa upole kwamba miti yangu itatembea mji muzima. Muke wake Orpha alinipa maji. Séverin alikuwa anafagia mbele ya lupango yake, na alifagia mpaka barabarani. Nikajiuliza mutu anafagia barabara ya nini.

Lundi, tarehe 15

Nimetoboa karatasi na kalamu. Ni hasira, haiko uzee.

Wakubwa walisoma uamuzi wao ku bureau ya quartier, mutaa wetu. Arrêt ya Kabondo: mbele ya lupango ya Séverin.

Nilisimama, nikauliza Eddy kama amelewa. Akajibu pole pole, sawa vile mutu anaeleza mugonjwa. Mbele yetu kuna kitu cha historia. Ku pembeni ya kitu cha historia hawachimbi, hawajengi kivuli cha abiria, bisi haisimami, batu hawasukumani. Bisi itapunguza mbio tu, kwa heshima, kisha itaendelea.

Alors nikasema ukweli. Nikasema miti ni ya Samedi, Doudou aliileta, kamba ingali mbichi, waende wanuse. Eddy akashika kichwa. Akasema amechelewa kusikia, juu wazee wa quartier wamekwisha kushuhudia kwamba miti ni ya kale. Wazee gani? Séverin. Amewaapia kwamba aliiona akiwa mutoto mudogo, akipita mugongoni kwa mama yake. Mutu aliyezaliwa Isangi, aliyefika hapa na ndevu!

Nilimugeukia. Alikuwa na uso wa mutu wa kanisa.

"Nephtali," akasema, "usikane babu yako mbele ya batu."

Nilienda kuitoa miye mwenyewe na panga. Kuna mulinzi sasa. Anaitwa Rachidi, mutu wa adabu. Aliniambia hakuna ruhusa kugusa, hata kwa jamaa. Zaidi sana jamaa.

Eddy alinifuata mpaka hapo. Nilifikiri anakuja kuomba musamaha. Alisema:

"Papa, arrêt ilikuwa kwenu. Ilikuwa ya kwanza ku plan tangu mwanzo, juu ya batu wanaokula kwa dada Honorine. Nilikuja ile Mardi kupima tu."

Kijana wa leo hajui kutunza siri wakati inafaa kutunzwa.

Mercredi, tarehe 17

Honorine hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alifunga sufuria na kitambaa, akamupa Doudou meza juu ya toleka, akateremka kwa Séverin. Orpha amemupa fasi chini ya ukuta wao, palipofagiwa. Kumbe alikwisha kuongea nao tangu jana, miye nikinoa panga.

Nilisimama mu mulango. Nikamuuliza kama anamuacha baba yake juu ya bisi. Akaweka sufuria chini ili aniangalie vizuri.

"Papa, sikuachi. Chakula yako iko ku Séverin. Ukisikia njaa, teremka."

Nimekula ndizi mbivu na hasira. Rachidi alikataa ndizi. Anakulaka kwa Honorine.

Vendredi, tarehe 19

Nimeteremka. Ni njaa tu, haiko kushindwa. Séverin aliniwekea kiti, nikakikataa, nikala nimesimama. Samaki ilikuwa nzuri. Nilikaa ku sahani ya pili.

Lundi, tarehe 6 mwezi wa 10

Bisi ya kwanza imepita. Nyeupe, ndefu. Na ubavuni miti yangu, kijani, na kitunga mudomo wazi, mikubwa kupita ile ya kweli. Batu wa pembeni ya barabara walionyesha na vidole. Ilifika mbele ya lupango yangu, ikapunguza mbio. Dereva akapiga klaksoni kidogo, kwa heshima. Nikavua kofia. Ikaendelea.

Ilisimama kule chini. Niliona batu wakishuka na kuingia moja kwa moja ku meza ya Honorine. Amechukua mama mumoja wa kumusaidia kutwanga. Haniambii, lakini naona mukono wake umepumzika. Nani aliyemufikisha kwenye arrêt? Nani? Angekaa hapa juu, akitegemea plan ya Eddy.

Nimesikia jambo lingine leo, Séverin akinipitishia pilipili. Mji ukimaliza bisi, utaleta bateau ndogo za kuvusha batu Lubunga, ng'ambo ya muto, bateau za mbio, rangi moja na bisi. Hakuna anayejua zitafunga wapi. Miye najua maji. Na mu maji, miti haiwezi kukosa. Doudou anasema toleka yake ingali mugonjwa toka ilipobeba ile miti. Nimemuambia itapona. Safari hii nitasema miti ni ya tangu Mungu alipotenga maji na inchi kavu, na wakiuliza mara mbili nitajibu mara mbili.

Asiyeamini haya yote, Honorine yuko, saa sita anakuwa na kazi, aulizwe jioni. Doudou yuko, na bega lake lenye alama ya muti. Rachidi yuko, bado analinda. Séverin pia atashuhudia, hata ile asiyoiona, na ku mambo ya Lubunga nimekwisha kumuomba.