Mwanangu Khisa Atolewe Kwenye Daftari la Mbwa Wakali

Moreen Nanyama,
Mlango wa bluu, nyuma ya kinyozi,
Luzira, Kampala.
Alhamisi mchana.

Kwa Mzee Dawudi, Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu.

Mzee wetu,

Nakuamkia kwa heshima, na pole kwa kazi ya kuhesabu mbwa. Mimi ni mama Khisa, yule mpangaji mpya anayeanika nepi mpaka ua wa kinyozi. Ningekuja mwenyewe, lakini mtoto amelala na mlango wangu ukifunguliwa unalia kuliko yeye. Kwa hiyo naandika nikiwa nimeketi sakafuni, polepole, maana hata karatasi ina kelele.

Wiki jana mlipitisha sheria ya mbwa wakali, na mimi nilinyoosha mkono kuikubali. Mbwa akiuma, aandikwe daftarini na kibao kiwekwe mlangoni kwa mwenyewe. Ni sheria nzuri. Ila Jumatatu mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane aliandikwa humo, namba kumi na nne.

Najua kosa lilivyotokea, na sikulaumu. Wewe ni mtu wa swala, hutaki mate ya mbwa kwenye kanzu, kwa hiyo ulisimama ng'ambo ya mtaro na daftari lako huku katibu wako, Bwana Ocira, akikupazia sauti kutoka uani kwetu. Ukauliza nani ameuma. Akasema Khisa. Ukauliza nani ameumwa. Akasema Vera. Alisema kweli tupu, Mzee. Ila Vera ndiye mbwa. Ni wa jirani yangu Mama Loice, anayemhesabu kama kitinda mimba wake. Nilitoa kichwa dirishani nikueleze, lakini Khisa alikuwa ameshika nywele zangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Khisa si mkali. Aliuma sikio moja, mara moja, na Vera ndiye aliyeanza kulamba chapati ya mwenzake. Magego yanamtoka. Wewe una wajukuu, unajua gego linavyomgeuza mtu.

2. Bwana Ocira amenigongomea kibao: MBWA KALI. Juzi shemeji yangu alitoka Busia kutuletea omena. Akasoma, akageuka, akarudi nazo Busia.

3. Masharti ya mwenye mbwa nimeyasoma yote. Asiachwe peke yake: hata chooni tunaenda wawili. Asizurure bila kushikwa: nimemshika tangu azaliwe, mgongo wangu ni shahidi. Mwenyewe abebe kavera, mfuko wa plastiki wa kuokotea uchafu wake: Mzee, hilo nalifanya mara sita kwa siku, na hakuna sheria iliyonituma. Azuiwe kubweka watu wakipumzika: anayejua njia aje anifundishe. Kama huku ndiko kufuga vizuri, mimi nastahili cheti. Na baba Khisa, ambaye yuko melini na tunamwona wiki kwa wiki, aandikwe ukurasa wa wanaozurura.

4. Jumamosi daktari wa mifugo anakuja uwanjani na sindano za kichaa cha mbwa. Khisa ameitwa, katikati ya mbwa wa fundi wa matairi na mbwa wa Bwana Erinayo. Chanjo zake zote alipata hospitali ya Mulago. Nilimwonyesha Bwana Ocira kadi, akasema, "Nyabo, hiyo kadi ni ya watu. Mimi nafuata daftari."

5. Hili ndilo linaloniumiza. Niliomba barua ya LC ya kumpeleka mtoto wangu chekechea, maana bila barua hawampokei, na tajiri wangu wa duka kule Kisenyi amesema nisiporudi kazini Jumatatu hii ataweka mtu mwingine. Barua imetoka, ina muhuri wako mzuri wa zambarau. Lakini kwa kuwa daftari linasema mtoto wa ua wetu ni Vera, imeandikwa Vera, msichana, aliyeumwa, ahurumiwe na apewe uji wa kwanza. Mama Loice ameipokea kwa mikono miwili. Jana nimemkuta akimpimia Vera sweta. Nilipomuuliza akasema, "Moreen, serikali ikikupa usiulize."

Basi Mzee, naomba Khisa atolewe daftarini, kibao king'olewe leo hii, na barua iandikwe upya kwa jina lake. Ikishindikana, basi apate haki za mbwa kikamilifu. Sharti la tisa linasema ni marufuku kumsumbua mbwa aliyelala. Lisomwe kwa kipaza sauti mbele ya kinyozi, yeye na spika yake, na muuza maji anayegonga madebe, na kila anayenijia saa nane mchana kuuliza kama mtoto amelala.

Nisalimie Mama Rukiah, wajukuu na kamati nzima. Bwana Ocira mpe pole ya kidole alichokipitisha chini ya mlango wetu pamoja na wito wa sindano.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na usingizi,
Moreen Nanyama, mama Khisa.

N.B. Mzee, nilipotia sahihi niliangalia saa. Khisa amelala saa mbili mfululizo. Jana pia, na juzi. Tangu kibao kiwekwe, muuza maji anapitia mbali, watu wa mahubiri wanatuombea kutoka barabarani, na Mama Loice haji tena kuomba chumvi. Juzi nililala na mimi, nikaamka nimesahau jina langu ni nani, raha tupu. Kwa hiyo kibao kibaki, na namba kumi na nne ibaki mpaka magego yaishe. Barua ya chekechea tu ndiyo naomba. Vera naye aende, wameshazoeana. Majibu alete Bwana Ocira, ila asibishe hodi. Ayasukume chini ya mlango, na safari hii vidole vibaki nje.